Mwanafunzi wa Thelathini na Saba

Kaunas, 1990

Alhamisi, 19 Aprili

Tangu jana Moscow wametukatia mafuta. Maji ya moto hayapo, na vituo vya petroli vina foleni inayozunguka mtaa. Nimeosha kichwa kwa maji baridi na nimeamua kuanza shajara, maana nikikaa na hasira hizi bila kuziandika nitamvunjia mtu heshima kazini.

Mtu mwenyewe ni Bwana Laucius, Naibu Mkuu wa chuo chetu. Leo ameniita ofisini, akanipa kiti, akaniuliza hali ya goti langu, kisha akasema, "Bi Apolonija, kozi yako haina karatasi."

Nikamwambia si kozi, ni Akademia.

"Ndiyo hiyohiyo. Haina karatasi."

Nimefundisha Kifaransa hapa miaka thelathini na mmoja. Mwezi uliopita, nchi yetu, Lithuania, ilipotangaza kwamba iko huru, serikali iliomba watu wanaoweza kutumwa nje wakazungumza kwa niaba yetu bila kutuaibisha. Hawapo. Nikakusanya wanafunzi kumi na mmoja, nikaanza kuwafundisha yale niliyosikia mezani kwa baba. Baba yangu, Motiejus Rimgaila, alikuwa Mkurugenzi wa Akademia ya Diplomasia iliyokuwa katika mji huuhuu kabla ya vita. Hivyo sikuanzisha kitu. Nimefungua mlango tu.

Laucius anasema njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuisajili kama shule mpya, na shule mpya lazima ipate mhuri wa wizara ya Moscow na mkaguzi wao. Ya pili ni kuthibitisha kwamba ile ya zamani haikuwahi kufungwa. Hapo baraza la chuo linaweza kuiendeleza bila kuomba ruhusa ya mtu. Baraza linakaa tarehe kumi na tano Juni.

"Kwa hiyo tukaombe ruhusa kwa Moscow ya kufundisha watu wa kuachana na Moscow," nikamwambia. "Ni sawa na kuomba talaka ukaazima kalamu ya kuandikia kwa mume huyohuyo."

Laucius aliitazama simu yake kana kwamba imesikia. Ni mwoga yule, na woga wake una adabu, ndiyo maana unaniudhi zaidi.

Ijumaa, 20 Aprili

Mvua. Mkate umepatikana, siagi hapana.

Alhamisi, 26 Aprili

Zoezi la karamu. Tumepewa kile chumba kilichokuwa cha mafunzo ya siasa. Sanamu ya plasta ya kiongozi wao wa mapinduzi iko bado pembeni, wanafunzi huitundikia makoti yao. Niliazima sahani kantini. Chakula kilikuwa mkate mweusi, kipande kimoja kwa kila mtu, uliwe kwa kisu na uma kama samaki.

"Mwalimu," akasema Skaistė, "hii ni akademia ya diplomasia au ya njaa?"

"Ni zote mbili. Nyoosha mgongo."

Skaistė ana miaka ishirini na mitatu, amesomea kemia, ana mdomo mwepesi na kumbukumbu isiyo ya kawaida. Nilimwachia yeye na wenzake wapange viti wenyewe huku mimi nikitafuta chumvi. Niliporudi nikakuta wote kumi na mmoja wameketi, pande zote mbili, na kiti cha kichwani mwa meza kiko wazi.

Nikauliza kiti hicho ni cha nani. Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amesema kiachwe.

Mwishowe Skaistė akasema polepole, "Ni cha yule atakayekuja."

"Nani anakuja?"

"Sijui, Mwalimu. Kila mkutano niliowahi kuhudhuria, kuna mtu anakuja."

Hakuna aliyecheka. Watoto hawa wamezaliwa na kukua katika vikao ambavyo kiti hicho ni cha mgeni kutoka juu, na mikono yao imekiacha wazi yenyewe. Niliwaambia kichwani mwa meza huketi mwenyeji. Nikamwamuru mmoja akae pale. Alikaa kwenye ukingo, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari wa meno.

Jumatano, 2 Mei

Nimefikiria wiki nzima. Kanuni ya tisa ya Akademia ninaikumbuka kwa sauti ya baba: shule haifungwi maadamu yupo mwanafunzi aliyesajiliwa na hajatahiniwa. Aliitunga yeye mwenyewe, kwa sababu wizara ya wakati ule ilipenda kufunga shule ili kubana matumizi.

Waliosajiliwa walikuwa thelathini na saba. Ninawajua wote kwa majina. Kule uhamishoni Altai, ambako askari wa Moscow walitupeleka mimi na mama nilipokuwa na miaka kumi na mitano, hatukuwa na kitabu hata kimoja, basi mama alinikaririsha majina ya wanafunzi wa baba jioni tukichambua viazi. Baba alikuwa ametenganishwa nasi stesheni. Alikufa kambini majira ya baridi ya kwanza.

Wa thelathini na saba ni Jeronimas Žemgulys. Mtihani wake wa mwisho ulipangwa Jumamosi ya tarehe 15 Juni 1940, saa nne asubuhi. Siku hiyo vifaru vya Kisovieti viliingia mjini. Nilikuwa dirishani. Najua kwamba hakutahiniwa, kwa sababu baba alirudi nyumbani na maswali yake mfukoni.

Kama yu hai, na daftari la usajili lipo mahali, Akademia haijafungwa. Somo limekatizwa tu. Nimempa Skaistė kazi ya kutafuta.

Jumamosi, 5 Mei

Skaistė amempata Žemgulys mmoja kijijini karibu na Kėdainiai. Fundi wa majiko ya matofali. Nimemwandikia.

Ijumaa, 11 Mei

Hajajibu. Usiku umeshuka umande wa barafu, miti imechanua na inatetemeka.

Jumapili, 13 Mei

Jana tulikwenda. Treni hadi Kėdainiai, kisha kilomita kumi na mbili kwa baiskeli za kuazima, mimi na Skaistė, mvua usoni. Nina miaka sitini na minne na goti moja bovu. Skaistė alinikuta juu ya kilima nimeegemea mti, akasema, "Mwalimu, mabalozi huenda kwa gari." Nikamwambia asubiri awe balozi kwanza.

Nyumba ni ya mbao, safi, lakini ukiingia tu macho yanawaka. Jiko lao kubwa la matofali linavuja moshi kila ufa. Mkewe, Anelė, alikuwa amelala juu ya benchi lenye joto lililojengwa pamoja na jiko, miguu imemvimba. Alitukaribisha vizuri, akatuelekeza palipo na supu ya chika, yale majani machachu, tujipakulie. Mwenyewe Žemgulys akaja kutoka nje, mrefu, mikono imepasukapasuka kwa udongo wa tofali.

"Barua niliipata," akasema. "Lakini mmekosea mtu. Žemgulys wa akademia alikufa."

"Lini?"

"Zamani. Mimi ni fundi."

"Fundi wa majiko?" Skaistė akauliza huku anajifuta machozi ya moshi.

Anelė akacheka mpaka akakohoa. "Binti, wilaya nzima inamwita. Majiko ya watu yanavuta moshi kama filimbi. La kwake ndilo hili. Mganga hajigangi."

Nilimwambia mimi ni nani. Hapo alikaa chini. Aliniuliza baba alikufaje, nami nikamwambia yale machache ninayoyajua: kambi, baridi, tumbo. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha nikamwuliza habari ya daftari, na kama atakuja kufanya mtihani wake.

"Mama, nina miaka sabini na mbili."

"Mtihani hauna umri."

"Sijui daftari lolote," akasema, akaenda kupasua kuni. Tulimsikia akipasua mpaka tulipoondoka.

Njiani nilikuwa na hasira nisizoweza kuzieleza. Huyu aliyekula mezani kwetu, aliyekuwa akimfurahisha mama kwa kuiga kikohozi cha kila balozi wa mji, ameniangalia machoni akasema amekufa. Laucius anaogopa kupoteza kiti chake. Huyu hana hata cha kupoteza. Naandika haya bila kujuta.

Jumatatu, 14 Mei

Laucius amenisimamisha ngazini. Mkaguzi kutoka Moscow atakuja kwenye baraza, jina lake Suhodolov. "Nimekuandalia fomu za shule mpya, Bi Apolonija. Zijaze tu, ziwepo."

"Nizijaze ili zifanye nini?"

"Ziwepo," akarudia, akashuka haraka.

Sikuzijaza. Ziko mezani, nimewekea juu yake chungu cha maua.

Jumanne, 22 Mei

Mvua. Wanafunzi wanane kati ya kumi na mmoja. Wengine hawana nauli wala baiskeli.

Alhamisi, 24 Mei

Postikadi yenye picha ya matango. Maneno matatu: "Njooni na nyundo." Imesainiwa Anelė Žemgulienė.

Jumamosi, 26 Mei

Nimerudi sasa hivi, masizi mpaka kwenye kope, na nitaandika yote kabla sijanawa.

Tulipofika walikuwa wanagombana, na ugomvi huo ulikuwa na siku kadhaa. Anelė ameketi kitini katikati ya chumba, kajifunika shali mbili. Amehamishwa kutoka benchi, au tuseme amejihamisha.

"Mwambie, Jeronimas," akasema. "Usiposema, nasema mimi."

Mzee alikuwa anaangalia mikono yake. "Nikilibomoa, wewe utalala wapi na miguu hiyo?"

"Ni mwezi wa tano. Nitalala kitandani kama Wakristo wengine. Miaka arobaini na tano nimelala juu ya kile kitu. Unadhani sikujua?" Akanigeukia mimi. "Mama, mwanamume anatengeneza majiko ya dunia nzima na lake halishiki. Moshi unatuua, nyufa anazipaka udongo kwa nje, matofali hagusi. Mwaka wa kwanza nilidhani mvivu. Mwaka wa pili nikajua ana kitu humo. Nikadhani ni dhahabu, nikavumilia. Baadaye nikajua si dhahabu, kwa sababu mwaka ng'ombe wetu alipokufa hakukigusa. Nikavumilia vilevile."

Hapo Žemgulys akazungumza. Jioni ya siku ile ya vifaru baba alimwita akampa daftari. Wengine wote walikuwa wamekwisha kuhitimu, yeye tu alikuwa amebaki. "Mkurugenzi akaniambia, 'Wewe ndiye hujamaliza, kwa hiyo shule iko kwako. Litunze mpaka siku ya mtihani.' Nikadhani ni wiki mbili." Alikuwa mtoto wa karani, hajui kushika hata mwiko. Alijipeleka kwa fundi wa majiko ili ajifunze kuficha kitu mahali ambapo mtu hatapekua, kisha akajenga jiko hili, na ule uongo wa kuwa fundi ukageuka kuwa kazi yake.

"Wiki mbili zilizopita nilikuja hapa ukanikana," nikamwambia.

"Watu walikuja mwaka arobaini na sita, na hamsini na moja, wazuri, wenye adabu, wanajitambulisha kama jamaa wa Mkurugenzi, kumbe wapelelezi. Nimezoea kusema hapana, Mama. Mdomo unasema wenyewe."

Alibomoa mwenyewe, hakutaka nyundo yetu. Aliondoa tofali moja moja akayapanga ukutani kwa mpangilio ili yarudi kila moja mahali pake. Kwenye safu ya nne kutoka chini likatoka kopo la biskuti, limefungwa kwa kitambaa cha mafuta. Ndani yake mna daftari. Majalada yamekauka, kurasa zimekuwa za rangi ya chai, lakini kila neno linasomeka. Kanuni ziko mwanzoni. Ya tisa ipo, sikuiota. Mwandiko wa baba. Majina thelathini na saba, na mbele ya lile la mwisho safu ya matokeo iko wazi.

Nililia pale mbele yao bila kujificha. Anelė akamwambia mumewe, "Sasa lijenge upya, na safari hii livute."

Nilichoandika tarehe kumi na tatu nakiacha hapo kilipo. Nilikuwa mjinga na nataka nikumbuke.

Jumatatu, 28 Mei

Nimempelekea Laucius daftari. Alifunga mlango kwa ufunguo, akavaa miwani, akasoma kanuni ya tisa mara tatu.

"Kanuni ni nzuri," akasema. "Lakini inakata pande zote mbili. Huyu naye akitahiniwa, hakuna tena ambaye hajatahiniwa. Dakika hiyohiyo shule itaweza kufungwa."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilimwangalia mtu huyu ninayemdharau, nikaona amesoma vizuri kuliko mimi.

"Basi asajiliwe mwingine kabla wino haujakauka," nikasema.

"Mimi sijasema hivyo," akajibu Laucius. "Mimi nimesoma tu."

Jumatatu, 4 Juni

Zoezi la karamu, mara ya tano. Kiti cha kichwani hakikuachwa wazi, lakini walipiga kura ya nani akikalie, na aliyeshindwa ndiye akakaa.

Jumapili, 10 Juni

Joto la ghafla. Žemgulys ameandika kwamba jiko linavuta, Anelė hajakohoa siku tatu, naye atakuja. Masharti yake: hatavaa suti ya kuazima, na maswali yawe yaleyale ya mwaka arobaini. Maswali ninayo. Mama aliyashonea ndani ya koti lake.

Ijumaa, 15 Juni

Saa nne asubuhi, kama ilivyopangwa.

Swali la baba ni moja tu, refu: Mkurugenzi wa Akademia anaandaa chakula cha mchana kwa mabalozi walioko nchini, mtahiniwa awaketishe wote na aeleze kila kiti. Tulitandika meza ukumbini. Kantini walijikusuru, wakapika supu baridi ya viazisukari vyekundu na viazi vya moto pembeni. Wajumbe wa baraza na wanafunzi wangu walisimama ukutani wakingoja kuitwa, kila mmoja awe balozi wa nchi fulani. Žemgulys alivaa koti lake la Jumapili. Kucha alizisugua, lakini udongo wa tofali hautoki.

Bwana Suhodolov alichelewa kidogo. Ni mtu mnene, mpole wa sura, amechoka na safari. Aliingia, akasalimia kwa Kirusi, akaenda moja kwa moja kichwani mwa meza, akaketi. Hakufanya kwa ubaya. Nadhani hakufikiri kabisa, kama wanafunzi wangu walivyokuwa hawakufikiri siku ile ya mkate. Nikaona Skaistė ameinamisha kichwa.

Nikafungua daftari. "Mtahiniwa aanze."

Žemgulys akaanza kuweka kadi za majina ya nchi mezani, na kila aliyeitwa akaketi. Hakuwa na karatasi mkononi. Aliwapanga kwa tarehe ambayo kila balozi alikabidhi hati zake za utambulisho, kama inavyotakiwa, na tarehe zote alikuwa nazo kichwani tangu mwaka ule. Alipoweka kadi ya Latvia, profesa mmoja wa baraza akasema, "Mzee, samahani, nchi hiyo hapa haina balozi. Siku hizi haihesabiwi nchi."

"Balozi wake alikuja kuaga?"

"Kuaga?"

"Balozi akiondoka huja kuaga, na huandikwa. Mimi sijaona palipoandikwa. Asiyeaga kiti chake kipo." Akaweka kadi. Halafu ya Estonia. Halafu, katikati ya wenzake, kwa tarehe yake tu, akaweka kadi ya Muungano wa Kisovieti, wala hakuinyanyasa wala kuipendelea.

Kisha akafika kichwani mwa meza, akasimama hatua mbili kutoka kwa Suhodolov, visigino pamoja. Akamsemesha kwa Kirusi kizuri, cha vitabu vya zamani.

"Naomba mheshimiwa anisaidie kwa tarehe aliyokabidhi hati zake kwa serikali ya nchi hii."

Suhodolov akatabasamu. "Hati gani, baba? Mimi ni mkaguzi. Sina hati."

"Basi mheshimiwa ni msafiri binafsi. Karibu sana Lithuania." Akainama kidogo. "Msafiri binafsi huketi baada ya makatibu wa balozi. Ni kiti kile karibu na dirisha. Hapa ulipo ni pa mwenyeji."

Tabasamu la Suhodolov halikuondoka usoni, ila halikuwa na kazi tena. Akasema atakaa hapohapo, kwani kiti ni kiti.

"Nitangoja," akasema Žemgulys. "Mtihani hauwezi kuendelea mwenyeji akiwa amesimama."

Tukangoja. Sijui ni dakika ngapi. Viazi vilikuwa vinapoa. Mjumbe mmoja wa baraza alikuwa anaangalia mlango, na nilijua kwamba mtu yeyote akikohoa vibaya sasa hivi, tutajaza zile fomu zilizo chini ya chungu cha maua. Žemgulys hakuonyesha haraka yoyote. Aliyeishi na moshi miaka arobaini na tano atashindwaje na dakika kumi.

Aliyesogea ni Laucius. Alikuwa amewekwa mahali pa heshima, wa kwanza kulia kwa mwenyeji. Akainuka na sahani yake, akaenda hadi mwisho wa meza, akavuta kile kiti cha karibu na dirisha, na akaketi kwenye cha pembeni yake, mahali pa katibu mdogo kabisa.

"Gennady Pavlovich," akamwita Suhodolov kwa Kirusi, kwa sauti ya mtu anayemwita rafiki kwenye pikiniki, "njoo huku. Kichwani kule jua linapiga macho. Huku kuna upepo, na bizari yote ya supu wameiweka upande huu."

Suhodolov alimtazama. Alikuwa amepewa mlango wa kutokea, na alikuwa na akili ya kuuona. Akainuka, akasema kweli jua ni kali, akatembea urefu wote wa meza ile, akaketi karibu na dirisha. Laucius akamwekea viazi.

Žemgulys akasubiri hadi kiti kikatulia. Kisha akanigeukia, akashika mgongo wa kiti cha kichwani, akakivuta nyuma.

"Mkurugenzi," akasema.

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Niliketi mahali pa baba yangu. Goti liliniuma na sikujali.

Baada ya chakula baraza likapiga kura: tisa waliafiki Akademia iendelee, wawili walikataa, mmoja akatoka nje kuvuta sigara. Laucius alitakiwa kutia sahihi, na alitia. Nilimfuata koridoni kumshukuru. Nikamwambia sikutegemea.

"Hata mimi," akasema. "Naogopa tangu Aprili, Bi Apolonija, na sasa hivi naogopa zaidi. Lakini kuogopa hakumzuii mtu kuhama kiti."

Miezi miwili nimewafundisha watoto kumi na mmoja jinsi ya kumwondoa mtu bila kumfukuza, na mwalimu wa somo hilo alikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya simu.

Bado matokeo. Žemgulys alikuwa amekaa jikoni mwa kantini, anakula supu na wapishi, ameshaliangalia jiko lao na kuwaambia lina kasoro gani. Nikaweka daftari mbele yake nikaandika mbele ya jina lake: nne.

Akaisoma. "Juu ya ngapi?"

"Tano."

"Moja imekwenda wapi?"

"Umewaketisha wote ukajisahau mwenyewe. Mtahiniwa naye hukaa mezani, kiti cha mwisho kushoto. Imo kwenye maelezo ya baba."

Alifikiri, kijiko kikiwa hewani. Nilidhani atabisha. "Nilijua," akasema. "Ila hiki kiti hapa kiko karibu na jiko."

Kwenye safu ya maelezo nikaandika: Alichelewa miaka hamsini. Ana udhuru. Kisha nikaitia sahihi, na kwa kuwa tangu nukta hiyo shule ingeweza kufungwa na mtu yeyote mwenye mhuri, nikaita kwa sauti kubwa.

Skaistė alikuwa ameshasimama mlangoni, kalamu mkononi, kifuniko chake kimeshafunguliwa. Žemgulys akampisha kitini. Wino wa sahihi yangu ulikuwa bado unang'aa alipoandika, chini ya jina la mzee, kwa mwandiko wake mbaya wa watu wa kemia, thelathini na nane.